Namna ya Kuipima Kampeni ya "Wanyonge Dhidi ya Wakubwa" Kabla ya Kupiga Kura

Kwa mujibu wa Katiba, Wakenya watarudi debeni tarehe 10 Agosti 2027, na majukwaani tutasikia tena maneno tuliyoyazoea: kwamba kuna wananchi wa kawaida, kuna kikundi kidogo cha wakubwa waliowanyang'anya haki yao, na kuna mgombea mmoja tu anayewajali. Mwongozo huu ni wa mpiga kura anayetaka kuipima hotuba ya aina hiyo badala ya kuishangilia au kuizomea tu. Mifano mingi inatoka katika uchaguzi wa 2022, kwa kuwa ndio uliouendeleza mtindo huu waziwazi zaidi, na ahadi zake zimekwisha kufikia umri wa kukaguliwa.

Anza kwa kutenganisha kilio na hadithi. Kilio cha 2022 kilikuwa cha kweli: zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini ziko katika sekta isiyo rasmi, na ni mara chache sana mama mboga na mwendeshaji boda boda walikuwa wamewekwa katikati ya mjadala wa uchumi. Anayewacheka watu kwa kuvutiwa na toroli, alama ya UDA, chama cha William Ruto, hajakielewa kilio hicho. Kinachohitaji kukaguliwa ni hadithi iliyojengwa juu yake, kwamba nchi imegawanyika kati ya mahasla, yaani watu wa kawaida wanaohangaikia riziki, na familia mbili za kitawala, ya Kenyatta na ya Odinga. Chukua karatasi, sikiliza hotuba nzima, na uandike kila anayewekwa upande wa "sisi" na kila anayewekwa upande wa "wao". Kisha jiulize mtu anaingiaje upande wa "wao": je, ni kwa alichotenda au ni kwa alikozaliwa? Jiulize pia msemaji mwenyewe amesimama wapi. William Ruto alipokuwa akiwashambulia waliohodhi dola, yeye mwenyewe alikuwa Naibu wa Rais tangu 2013. Naye Raila Odinga, aliyekuwa sura ya upinzani kwa miaka mingi, safari hiyo aliungwa mkono na Rais Uhuru Kenyatta aliyekuwa madarakani. Ukiyaona hayo kwenye karatasi yako, hulazimiki kumkataa yeyote kati yao, ila hutasadiki tena kwamba mmoja anatoka nje ya nyumba anayotaka kuibomoa.

Tusiwe na chuki katika upimaji. Hadithi ya mahasla ilikuwa na faida moja kubwa: iliwafanya watu wengi wazungumze kuhusu kipato badala ya kabila, na wapiga kura wengi wa eneo la Mlima Kenya, nyumbani kwa Kenyatta, walimpa Ruto kura zao licha ya Kenyatta kuwaelekeza kwingine. Hata hivyo, katika ngome nyingi za pande zote mbili, ramani ya kura ilifanana sana na ramani ya kikabila tuliyoizoea.

Hatua inayofuata ni hesabu, na hapa usiwe na haraka. Kila ahadi iulize ni shilingi ngapi, zinatoka wapi, zinamfikiaje mlengwa, na nani atazilipa. Chukua Hazina ya Hasla, mfuko wa serikali wa mikopo midogo, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022. Mkopo wa mtu binafsi ulianzia shilingi 500 hadi 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ulipwe ndani ya siku 14, na asilimia 5 ya mkopo ilizuiliwa kama akiba. Mama mboga aliyekubaliwa shilingi 500 alipata mkononi shilingi 475, na riba yake kwa siku 14 ilikuwa kama shilingi moja na nusu. Mkopo wa bei nafuu namna hiyo ni vigumu kuupata kwingine, na mkosoaji mwaminifu lazima akiri hivyo. Lakini swali la pili halikwepeki: shilingi 475 za siku 14 zinabadilisha nini katika biashara ya sukuma wiki, na je, ndizo zilizoahidiwa pale watu walipoambiwa kuwa uchumi utajengwa kuanzia chini?

Ukimaliza kukagua kinachotolewa, kagua na kinachochukuliwa. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na ikaleta ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ya mshahara. Kufikia Septemba mwaka huo, lita moja ya petroli jijini Nairobi ilikuwa imevuka shilingi 200. Si kodi peke yake iliyosababisha hilo, kwa kuwa soko la dunia na udhaifu wa shilingi vilichangia, lakini mwendeshaji boda boda ana haki ya kuweka alichokopeshwa kando ya anacholipa kwenye pampu kila siku.

Pima pia jinsi mgombea anavyozizungumzia taasisi zinapomwamulia kinyume. Mahakama ya Juu ilipofuta ushindi wa Kenyatta tarehe 1 Septemba 2017, yeye aliwaita majaji wakora hadharani. Mahakama hiyohiyo ilipoithibitisha kura ya Ruto tarehe 5 Septemba 2022, Odinga alisema kwamba hakubaliani na uamuzi lakini anauheshimu. Ruto naye, akiwa Rais, mwanzoni mwa 2024 aliwashutumu majaji hadharani kwa ufisadi baada ya mipango yake kukwamishwa kortini. Anayesema kwamba mahakama ni ya wananchi pale tu inapompa ushindi anakueleza mapema jinsi atakavyotawala.

Kuhusu kura yenyewe, hulazimiki kumwamini mtu. Fomu 34A, zenye matokeo ya urais ya kila kituo cha kupigia kura, na vituo mwaka 2022 vilikuwa 46,229, ziliwekwa na tume ya uchaguzi, IEBC, kwenye tovuti ya umma, na nakala hubandikwa pia mlangoni mwa kituo. Piga picha ya fomu ya kituo chako usiku huohuo, uilinganishe na ile ya tovutini kabla ya kusambaza ujumbe wowote kuhusu wizi au ushindi. Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Odinga. Pengo dogo hivyo huzaa uvumi kwa urahisi, na picha yako ina uzito kuliko sauti ya mtu usiyemjua.

Katika kundi la WhatsApp la familia au la chama cha akiba, sheria chache zinatosha. Video iliyokatwa isijibiwe mpaka aliyeituma aweke hotuba kamili. Neno linalowafanya majirani waonekane uchafu wa kuondolewa, kama vile "madoadoa", likemewe na mtu wa kabila la aliyelitamka, kwa kuwa akilikemea mwingine itaonekana ni vita vya pande mbili. Wanaokumbuka ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, zilizoua watu zaidi ya 1,100, hawahitaji maelezo marefu. Kumbusheni pia kwamba wakubwa hupatana: Kenyatta na Odinga walishikana mikono tarehe 9 Machi 2018, na Ruto na Odinga wakatia saini makubaliano ya vyama vyao Machi 2025. Siku ya kupatana, hakuna jukwaa lililomrudishia mtu jirani aliyemtukana.

Karatasi yako usiitupe baada ya uchaguzi, maana hukumu ya kampeni hutolewa Bungeni. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 waliunga mkono Mswada wa Fedha na 106 wakaukataa, huku vijana waliosema hawana kabila wala chama wakiwa barabarani kuupinga; kesho yake Rais alikataa kuutia saini. Tafuta jina la mbunge wako katika orodha ya kura ile, uliandike chini ya ahadi alizotoa 2022, na umwulize mkutano wake wa kwanza utakapofika kijijini kwenu.