Kabla Hujawasha Mashine ya Kuchomelea Nyumbani

Mashine ndogo ya inveta (aina nyepesi inayogeuza umeme kwa saketi za kielektroniki), ya bei nafuu, inatosha kabisa kwa anayeanza kujifunza kuchomelea. Vinavyokwamisha watu, au kuwaumiza, ni vile vinavyoizunguka. Kwa hiyo gawanya hela yako kabla hujaingia dukani, usije ukaimaliza yote kwenye mashine ukabaki kuchomelea na miwani ya jua.

Macho ndiyo ya kwanza. Mwanga wa kuchomelea una miale ya urujuanimno inayounguza jicho, na ubaya wake ni kwamba maumivu hayaji papo hapo. Unamaliza kazi mzima, unakula, unalala, halafu usiku wa manane unaamka macho yanakwaruza kana kwamba yamejaa mchanga. Nunua kofia yenye kioo cha giza namba 10 au zaidi. Ile inayojitia giza yenyewe humsaidia sana mwanafunzi, maana anaona kijiti cha kuchomelea, kile kinachoyeyuka kuunda mshono, kinapogusa chuma. Mtoto anayechungulia mlangoni anaungua macho vilevile. Weka pazia lisiloshika moto, au mwondoe. Vaa shati la pamba la mikono mirefu, glovu za ngozi na viatu vilivyofunika mguu. Nailoni na polista huyeyukia mwilini. Pindo la suruali usilikunje, cheche hupenda kutua humo.

Upande wa umeme, usibabaishwe na tarakimu kubwa ya ampea iliyochorwa ubavuni mwa mashine. Soma kibandiko. Kikisema asilimia 60 kwa ampea 120, maana yake katika kila dakika 10 unachomelea 6 na kuipumzisha 4. Kisha angalia waya wa kurefushia: ukiwa mwembamba, au ukiuacha umeviringishwa, unapata joto na volti inashuka. Kijiti kitanasa kila mara nawe utaulaumu mkono wako bure. Mahali penye maji usichomelee.

Hewa watu huidharau. Chuma kilichopakwa zinki hutoa moshi mweupe unaoleta homa na baridi saa chache baadaye, kwa hiyo mwanafunzi akiepuke kabisa. Rangi iparue kwanza. Usisafishe chuma kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini: joto na miale ya kuchomelea huigeuza kuwa fosjini, gesi inayoua. Na pipa au tangi lililowahi kubeba mafuta usiliguse, hata kama limekauka miaka mingi, kwani mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Moto, kwa kifupi: ondoa mbao, matambara na mafuta, weka ndoo ya mchanga na kizimamoto karibu, na ukimaliza usiondoke. Kaa hapo nusu saa kwa uchache. Cheche iliyojificha kwenye vumbi la mbao haina haraka.

Vijiti vya kuanzia ni vya 6013 (namba ya aina ya kijiti), unene wa milimita 2.5, juu ya bamba la chuma laini la milimita 3 au 4. Weka ampea 70 hadi 80, kisha rekebisha kwa kufuata maelezo ya pakiti. Vya 7018 viache kwanza. Vinataka ukavu na ni vigumu kuwasha. Sehemu ya kubana klempu, ile ya waya unaorudisha umeme kwenye mashine, isage kwa grinda hadi ing'ae, maana kutu peke yake inatosha kukuharibia siku.

Anza kwa kupiga mistari sambamba kwenye bamba moja hadi lijae. Baada ya hapo simamisha kipande kimoja juu ya kingine, chomelea upande mmoja tu, kiache kipoe, kisha kigonge kwa nyundo hadi mshono uachie. Utazame kwa ndani. Ukiona vitundu, huenda chuma kilikuwa kichafu au kijiti kilikuwa mbali mno. Ukiona mshono umekaa juu juu bila kuuma chuma cha chini, ongeza ampea kidogo urudie.