Habari ya masika ikitoka gazetini, hivi ndo naiandikia watu wa kata yangu

Wengi mnaniuliza inakuwaje habari nazoandika hapa Muheza hazifanani na za gazeti wakati natoa humo humo, basi leo nachukua habari moja tu, utabiri wa masika wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania), niwaonyeshe nafanyaje.

Hatua ya 1: Soma mara mbili, usiandike kitu. Jiulize mtu wa huku akishasoma anaenda kufanya nini. Mkulima wa mahindi anataka kujua apande lini na anunue mbegu gani, basi. Nani alikuwa mgeni rasmi, nani alifungua kikao, hayo achana nayo.

Hatua ya 2: Rudi kwenye chanzo, na hapa ndo usiwe na haraka kabisa. Gazeti linaandikia nchi nzima, ila taarifa ya TMA imegawa nchi kwa kanda, na sisi Tanga tupo pwani ya kaskazini pamoja na mkoa wa Pwani, Dar, Unguja na Pemba. Kichwa cha habari kinaweza kusema mvua kubwa kumbe wanaongelea ukanda wa ziwa Victoria. Mimi mwaka mmoja nilibeba kichwa cha habari kama kilivyo nikakirusha, jirani yangu akawahi kupanda shamba lote, mvua ikachelewa, mbegu zikaharibikia ardhini. Iliniuma sana, na tangu siku hiyo sirushi kitu kabla sijaona mstari unaotaja ukanda wetu.

Hatua ya 3: Fungua maneno magumu. TMA wakisema "wastani" wanamaanisha asilimia 75 mpaka 125 ya mvua ya miaka mingi ya eneo hilo, sasa ukimwandikia hivyo bibi yangu hakuelewi. Andika hivi: kama masika ya kawaida ni ndoo 4, basi wastani ni kuanzia ndoo 3 mpaka 5, chini ya wastani ni pungufu ya ndoo 3, juu ya wastani imezidi 5. Halafu mwambie hiyo ni ya msimu mzima, inaweza kunyesha yote wiki mbili ikakata.

Hatua ya 4: Ongeza cha kwenu. Mpigie bwana shamba wa kata, pita duka la pembejeo uulize mbegu ya muda mfupi, ile inayokomaa haraka, ipo na bei gani. Gazeti la Dar haliwezi kukuandikia hiyo.

Hatua ya 5: Sasa andika, funga gazeti kabisa ndo uandike. Mfano, gazeti: "Mvua za wastani hadi chini ya wastani zinatarajiwa katika ukanda wa pwani ya kaskazini." Mimi: "Wana Muheza, masika hii mvua inaweza kuwa ya kawaida au ikapungua, bwana shamba anashauri mbegu ya muda mfupi, na usimalize mbegu zote siku moja." Taja gazeti na tarehe yake, taja TMA. Kukopi aya nzima au picha ya mpigapicha wa watu hapana, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, na picha ya shamba la kwenu unapiga mwenyewe kwa simu. Ukiwa unarusha habari mara kwa mara ulizia pia TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) mambo ya leseni.

Hatua ya 6: Msomee mtu mmoja kwa sauti kabla hujaituma. Akiuliza "kwa hiyo nipande au nisubiri?" rudi ukaandike tena.

Na tarehe iweke juu kabisa, mstari wa kwanza, na mwaka wake, maana hizi posti zinazunguka WhatsApp hata baada ya msimu kuisha na mtu anaweza kupanda kwa utabiri wa mwaka jana. TMA wanatoa utabiri wa siku 10 pia, ukibadilika sahihisha pale pale juu uandike "nimebadilisha leo", usifute kimya kimya.