Kabla ya interro ya mikao ya molekuli

Kama una interro (jaribio fupi la darasani) ya sikloheksani, molekuli ya duara la kaboni sita, wiki hii, usianze na mazoezi ya sillabusi. Anza na udongo. Si kila mwanafunzi hapa Bukavu ana seti ya plastiki ya kuundia molekuli, lakini vijiti vya meno vipo sokoni Kadutu na udongo wa kufinyanga tunaukanyaga kila siku. Fanya kazi hiyo mchana, umeme una tabia zake.

Finyanga vidonge sita viwe kaboni, uviunge viwe duara, kila pembe ikikaribia nyuzi 109.5. Duara likikataa kulala bapa mezani, ncha moja ikiinuka na ya upande wa pili ikishuka, umepatia: huo ndio mkao wa kiti. Halafu chomeka vijiti viwili vya hidrojeni kwa kila kaboni, kimoja cha wima (aksiali), kingine cha pembeni (ekwatoriali). Wima wa kaboni ya kwanza ukielekea juu, wa pili unaelekea chini, kwa zamu hadi ya sita. Anayechora yote sita juu ameshapoteza pointi.

Sasa funga uzi mwekundu kwenye kijiti kimoja cha wima kinachoelekea juu, kisha geuza kiti taratibu udongo usipasuke: ncha iliyoinuka ishuke, iliyoshuka iinuke. Kijiti chenye uzi kimekuwa cha pembeni, ila bado kinaelekea juu. Hapa ndipo wengi huanguka, wanaandika kwamba kimeenda chini. Wima na pembeni hubadilishana. Juu hakuwi chini bila kuvunja kifungo kati ya atomi. Ndiyo maana methili (vikundi vya CH3) mbili za kaboni 1 na 2, moja juu na nyingine chini, zinaweza kukaa pembeni zote mbili. Zikiwa zote juu, haziwezi kamwe.

Na pembeni ndiko methili hupenda. Ikiwa peke yake kwenye duara, katika joto la kawaida takriban asilimia 95 ya molekuli huiweka huko, kwa sababu ikisimama wima inabanana na hidrojeni za kaboni 3 na 5.

Ethani na butani hazihitaji usiku mzima. Kumbuka tu kwamba kifungo kimoja huzunguka na kifungo maradufu hakizunguki. Hassel na Barton, wanakemia waliopata Nobel ya 1969 kwa kazi yao juu ya mikao hii, ni swali la bure likitokea.

Siku yenyewe beba penseli na kifutio. Kiti cha kwanza hukaa upande mara nyingi, na kukirekebisha kwa biki ni kuchafua karatasi.