Namna ya kumwandalia mheshimiwa tamko la kuomba radhi

Tuseme diwani wako hapa Arusha amewaita mama lishe wa soko la Kilombero "wachafu" kikaoni, na klipu imeshasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp. Simu yako inaita.

Hatua ya 1. Sikiliza klipu yote, uandike alichosema neno kwa neno. Ukitegemea anavyokusimulia mwenyewe, utaombea radhi kosa jingine. Kukiwa na dalili za kesi, wakili apitie kwanza.

Hatua ya 2. Sentensi ya kwanza itaje kosa na waliokosewa: "Juzi kikaoni niliwaita mama lishe wa Kilombero wachafu. Nimewakosea, naomba radhi." Basi. Hapa ndipo waheshimiwa wengi hugoma. Atataka uweke "kama kuna aliyekwazika" au "nilinukuliwa vibaya". Futa. Ukiandika "kama", umewatupia mzigo waliotukanwa. Tena redio itachukua sekunde chache tu za sauti yake. Ziwe za kukiri.

Januari 2022, Job Ndugai, Spika wakati huo, aliita waandishi Dodoma tarehe 3 akamwomba radhi Rais Samia kwa kauli yake kuhusu mikopo, lakini akaeleza pia kwamba video ilikatwa. Tarehe 6 akajiuzulu. Sisemi maelezo hayo ndiyo yaliyomwangusha, siasa za chama zina mengi. Ila ukiomba radhi na kujitetea papo hapo, kichwa cha habari atakuchagulia mhariri. "Ulikuwa utani" nayo haisaidii. Nape Nnauye aliisema Julai 2024 baada ya kauli yake ya Bukoba kuhusu matokeo ya uchaguzi, na mwezi huohuo uteuzi wake wa uwaziri ukatenguliwa.

Hatua ya 3. Aende Kilombero mwenyewe, pilika za chai ya asubuhi zikipungua. Aonane na viongozi wa mama lishe bila kamera, ndipo waandishi waitwe. Wapambe wabaki nyumbani; radhi haipigiwi vigelegele.

Hatua ya 4. Asome kwenye karatasi, si kwenye simu.

Hatua ya 5. Aruhusu maswali. La kwanza karibu kila mara ni "Umeshinikizwa na chama?", kwa hiyo mfanyishe mazoezi ya jibu fupi usiku wa kuamkia siku hiyo. Baada ya hapo watumie watu wa redio sauti safi mapema, kabla ya taarifa ya habari ya mchana, na umzuie asiposti picha akila wali kwa mama lishe. Hiyo ni kampeni.