Tenti ya watu wawili isiyoumiza mfuko wala mgongo

Kama mnatoka Kisumu mkalale Mlima Elgon, usinunue tenti kwa bei peke yake. Uliza kilo kwanza, ikizidi tatu hiyo ni ya kubebwa na gari, tafuta ya mbili na kitu, mmoja abebe vijiti mwingine kitambaa. Mvua ya huko haina huruma aisee, so lazima iwe na tabaka mbili na ile ya nje ishuke karibu na ardhi, sakafu nayo iwe ya milimita 3000 hivi, hicho ni kipimo cha kuzuia maji, si unene. Vijiti, chukua aluminiamu, vya faiba hupasuka. Mtumba pia ni sawa lakini isimamishe hapo hapo, kagua mishono na zipu, halafu laleni ndani nyote wawili, upana ukiwa chini ya sentimita 120 mtabanana.