Somo: Kutuma matokeo ya dakika za mwisho kwenye mkutano wa kisayansi

Wadau, salaam kutoka Tanga. Baadhi ya mikutano mikubwa, ikishafunga mlango wa kawaida wa ikisiri (muhtasari mfupi wa utafiti), hufungua dirisha dogo kama lile la usajili wa mpira. Wengi hudhani limewekwa kwa ajili ya waliochelewa. Limewekwa kwa data zilizochelewa.

Hatua ya 1: Eleza kwa nini matokeo hayakuwapo mapema. Mfano, umetega mbu Muheza wakati wa masika. Mlango wa kawaida umefungwa Aprili, mvua bado inanyesha, na maabara imemaliza kupima Julai. Hapo una hoja. Kisingizio kwamba ulikuwa unasahihisha mitihani hakimhusu mtu.

Hatua ya 2: Weka namba. Nyumba ngapi, mbu wangapi, wangapi wamekutwa na vimelea. Ukiandika "matokeo yatawasilishwa mkutanoni", umejiengua mwenyewe.

Hatua ya 3: Watafiti wenza wote wasome na kuridhia. Namba ya kibali cha maadili iwe karibu.

Hatua ya 4: Saa! Tangazo likisema 11:59 p.m. kwa saa za New York, mwezi Agosti, kwetu ni saa moja kasoro dakika moja asubuhi ya kesho yake. Mwaka mmoja niliisoma 11:59 Kiswahili, nikajua mwisho ni jioni ile kabla ya saa kumi na mbili. Nikatuma mbio, jina la profesa limekosewa, kumbe nilikuwa na saa kumi na tatu zaidi.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Ikisiri yangu ilikataliwa Aprili. Naweza kuirudisha?
— Marahaba. Ile ile, usijisumbue. Kama una data mpya kweli, soma masharti ya mkutano kisha iandike upya.

Kaka, nikishawasilisha, jarida halitanikatalia makala?
— Majarida yanayofuata miongozo ya ICMJE (kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba) hayahesabu ikisiri au bango la mkutano kuwa chapisho. Ila taja wasilisho hilo kwenye barua yako kwa mhariri. Na waandishi wa habari wasubiri mpaka zuio la mkutano la kutangaza matokeo liishe.

Wakinikubali, nauli wanatoa?
— Usiitegemee, uliza mapema. Majibu ya dirisha dogo huja mkutano umeshakaribia, kwa hiyo omba barua ya mwaliko siku hiyo hiyo. Miadi ya viza ubalozini Dar ina foleni yake.