SOMO: Ofa na tangazo la mtandaoni bila kula mtaji

"Niweke punguzo la asilimia ngapi?" Swali hili linarudi kila wiki, kwa hiyo nalijibu hapa mara moja. Mfano wetu ni mkoba: umenunuliwa Kariakoo sh. 18,000, unauzwa 25,000.

1. Panga bidhaa kwenye katalogi ya WhatsApp Business. Picha ipigwe mchana.

2. Tengeneza kiungo cha kumleta mteja moja kwa moja kwenye WhatsApp yako: wa.me/ kisha namba yako kuanzia 255. Sifuri ya mwanzo ondoa, alama ya kujumlisha usiweke.

3. Piga hesabu ya ofa. Hapa ndipo mitaji inapoliwa, someni taratibu. Faida ya mkoba ni 7,000. Ukishusha asilimia 20 umekata 5,000, na yote inatoka kwenye faida. Umebaki na 2,000. Aliyekuwa akiuza mikoba 10 akapata 70,000, sasa lazima auze 35 apate ileile. Ukiongeza "usafiri bure" na boda anataka 4,000, kila mkoba unaotoka ni hasara ya 2,000. Ofa ikipendwa zaidi, mtaji unaisha haraka zaidi.

ANGALIENI: punguzo na usafiri bure visikae pamoja kwenye mkoba mmoja. Usipandishe bei jana ili uishushe leo, wateja wana skrinishoti. Na ofa iwe na tarehe ya mwisho, la sivyo hakuna atakayekubali tena 25,000.

Kinachofaa ni mikoba miwili kwa 46,000, usafiri bure. Faida 10,000, boda safari moja 4,000, unabaki na 6,000.

4. Andika bei kwenye posti. "Bei njoo inboksi" inafukuza wanunuzi.

5. Sponsa, yaani lipia posti ionyeshwe kwa watu wengi, siku 5 kwa 6,000 kila siku, mji ule tu ambao boda wako anafika. Usiguse tangazo katikati. Mwisho gawa 30,000 kwa idadi ya waliolipa. Wakiwa 10, kila mmoja amekugharimu 3,000. Wakiwa 5, kila mmoja ni 6,000, na ile faida ya 6,000 ya mikoba miwili yote imeondoka.

MASWALI

— Mkuu, nauza viatu, niweke asilimia ngapi?
— Hatua ya 3. Bei ya kununulia hujataja.

— Nimesponsa, likes 900, mteja hata mmoja. Haya matangazo wizi tu.
— Ulichagua lengo la watu kutembelea ukurasa, na ndicho ulicholetewa. Chagua ujumbe wa WhatsApp. Na posti yako haina bei wala mahali ulipo, kwa hiyo wizi tusiuseme bado.

— Samahani kaka, kiungo nimekiweka Instagram na Facebook. Nitajuaje mteja katokea wapi?
— Swali zuri sana, dada. Mwishoni mwa kiungo ongeza ?text=MkobaA kwa Instagram, ?text=MkobaB kwa Facebook. Akibonyeza, neno linakuja limeshaandikwa, yeye anatuma tu. Kisha mpe lebo ndani ya WhatsApp Business: "ameuliza", akilipa "amelipa". Jumapili unahesabu lebo. Wanunuzi waombe wahifadhi namba yako, maana orodha ya brodikasti (ujumbe mmoja kwa wengi) inachukua watu 256 na ujumbe haumfikii asiyekuhifadhi.

— Nyongeza: kwenye Lipa Namba (namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu) msiamini skrinishoti ya malipo. Ujumbe uingie kwenye simu yako na salio lionekane, ndipo boda aondoke.
— Kabisa. Na jina la Lipa Namba lifanane na la ukurasa. Mteja mgeni akiona jina asilolijua anaghairi palepale kabla ya kuweka namba ya siri.